Nikae Ukutani Nikiwa na Viatu

Hakuna shahada inayomwandaa mtu kumkuta mama yake ametundikwa ukutani, karibu na mlango wa choo, katika hoteli ya watu asiowajua. Waithira Gikonyo alikuwa na shahada ya sayansi ya vyakula, alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na siku hiyo ya Oktoba alikuwa amefika katika hoteli hiyo, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kuhudhuria semina kuhusu usafi wa maziwa. Wakati wa chai alitoka kwenda kunawa mikono, na hakurudi. Wenzake walipotoka kwenda kula chakula cha mchana walimkuta amesimama kwenye ujia mwembamba, mikono kiunoni, akiitazama picha kubwa kama mlango wa kabati.

Picha ilimwonyesha mwanamke aliyeinama chini ya mzigo wa majani ya ng'ombe. Ukanda wa mzigo ulipita juu ya paji la uso wake, kama wanawake wa sehemu hizi walivyobeba tangu zamani. Kichwa kilielekea matopeni, na miguu ilikuwa peku. Chini yake paliandikwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya uvumilivu, na kando ya neno hilo jina la mpiga picha. Jina la yule aliyekuwa akivumilia halikuandikwa popote.

Uso haukuonekana, na ndiyo sababu hata binti yake alipita mara ya kwanza bila kusimama. Kilichomrudisha kilikuwa kiwiko. Sweta ilikuwa na kiraka cha kijani kwenye kiwiko, na kitambaa kile Waithira alikijua vizuri kuliko saini yake mwenyewe, kwa maana kilikatwa kwenye sketi ya shule aliyoivaa akiwa kidato cha pili. Nduta, mama yake, alikishona kwa mkono, kwa mishono mirefu ya mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda shambani.

Meneja wa hoteli, bwana mpole aitwaye Mathenge, aliitwa akaja na tabasamu lake la kazini. Alieleza kwamba picha ilinunuliwa zamani pamoja na fremu yake, kwamba aliikuta alipoajiriwa, na kwamba wageni waliipenda hata wengine wakajipiga picha mbele yake. Waithira alimuuliza kama alilijua jina la mwanamke yule. Hakulijua. Akamuuliza kama angefurahi mama yake mzazi atazamwe na kila mtu aendaye haja. Hapo Mathenge alitazama saa, kisha akasema yale ambayo watu wapole husema wanapotaka mazungumzo yaishe.

"Madam, wewe lete nzuri kuliko hii, halafu tutabadilisha."

Aliyasema kama mtu anayemwahidi mtoto baiskeli. Waithira aliyachukua kama mkataba.

Jioni hiyo hakwenda kwake Gatitu. Alipitiliza hadi Giakanja, kwenye nyumba aliyozaliwa, akamkuta Nduta akichambua maharagwe kwenye uteo. Nduta alikuwa na miaka sabini na minne, mjane wa siku nyingi, mwenye ng'ombe mmoja, mistari kadhaa ya kahawa na maoni kuhusu kila jambo. Waithira alimsimulia, akijiandaa kumfuta mama yake machozi. Mama yake hakulia. Aliuliza kiraka kilikuwa kiwiko kipi, majani yalikuwa ya aina gani, na kama barabara ilionekana. Alipojibiwa, aliweka uteo kando.

"Siku hiyo nilikuwa na viatu," alisema. "Viatu vyangu vya kufunga kamba. Nilivivua juu ya matope, nikaviweka ndani ya majani hapa mgongoni. Huyo mtu alipiga viatu vyangu picha na hata hakujua."

Alimkumbuka mtu huyo. Gari lilisimama, kioo kikashuka, kamera ikatoka, kioo kikapanda. Hata kumsalimia hakumsalimia. Nduta alidhani ni mtu wa kupima barabara.

Waithira alisema kwamba angeishtaki hoteli, angeandika magazetini, angekwenda na nyundo. Nduta alimwacha akamaliza. Kwa desturi yao binti wa kwanza hurithi jina la mama wa baba yake. Hivyo Nduta, kila mara binti huyo alipoanza kuamrisha dunia, alimwita mama mkwe.

"Mama mkwe, tulia. Kama ni lazima nikae kwa ukuta ya watu, nikae nikiwa na viatu. Na nisiwe hapa. Nipeleke Mwea. Huku nilikuja nikiwa bibi ya mtu. Huko nilikuwa Nduta."

Basi jambo likawa hilo. Ilitakiwa picha moja ya Nduta, amesimama, na viatu miguuni, katika mashamba ya mpunga ya Mwea alikokulia, mlima ukiwa nyuma yake; na iwe nzuri kiasi kwamba meneja hataweza kuikataa bila kuona haya. Kifaa kilikuwa simu ya mkononi, ile ile ambayo Waithira aliitumia kupokea malalamiko ya wafugaji.

Watu waliomfahamu hawakuona ajabu. Kwa miaka minane Waithira alikuwa mkaguzi wa ubora wa maziwa, na kazi ilimzungusha mlima mzima: Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Nkubu, kisha kurudi kwa upande wa Timau, Nanyuki na Naro Moru. Maziwa hufika vituoni alfajiri. Mlima nao hutoka alfajiri, hukaa wazi kwa saa moja au mbili, kisha hujifunika mawingu kama mtu aliyemaliza kupokea wageni. Watalii huamka, hunywa chai, huenda kuutafuta saa nne na kupiga picha ya wingu. Waithira, akiwa na koti lake jeupe na mirija yake ya kupimia, alikuwa akiuona kila asubuhi bila kuutafuta, na tangu aanze kazi hiyo alikuwa akiupiga picha kwa simu.

Hata hivyo mwaka wake wa kwanza wa kupiga picha ulikuwa wa aibu. Alifanya kosa ambalo ni mtu wa Nyeri tu anayeweza kulifanya kwa moyo mkunjufu namna ile. Mtu wa Nyeri hukua akiamini kwamba mlima umemgeukia yeye. Anaamka, anafungua dirisha, anauona, anaridhika kwamba huo ndio uso wake. Kwa hiyo Waithira alisimama kwenye miinuko ya Tetu kila alipopata nafasi ya kuamkia huko, akaelekeza simu mashariki, jua likachomoza nyuma ya mlima, na mlima ukatoka mweusi kama chungu kilichounguza githeri. Alilaumu simu. Alinunua nyingine. Mlima ukatoka mweusi vilevile, ila kwa ubora wa juu zaidi.

Aliyemfungua macho alikuwa Njue, karani wa kituo cha maziwa upande wa Chuka, mtu wa maneno machache na yote ya kuchokoza. Asubuhi moja Waithira alitoka nje ya kituo, akaona vilele vimepakwa rangi ya waridi, kila ufa wa jiwe ukionekana, akabaki mdomo wazi. Njue alimpita na debe mkononi.

"Nyinyi wa Nyeri mnauona mgongo," alisema. "Uso ni wetu."

Lilimuuma, lakini alikuwa mwanasayansi. Ushahidi ulikuwa mbele yake. Tangu siku hiyo aliacha kuuliza mlima uko wapi, akaanza kuuliza jua liko wapi. Yaliyobaki alijifunza kwa bidii ile ile aliyoitumia kuwafundisha wafugaji kuosha mikebe. Aliifuta lenzi ya simu kabla ya kila picha, kwa sababu simu inayokaa mfukoni pamoja na leso na noti hubeba ukungu wa mafuta ambao hakuna jua litakaloushinda. Aliwasha ile mistari inayokigawa kioo vipande tisa, na upeo wa macho ukaacha kulala upande kama meza mbovu. Alijua kwamba ukigusa uso wa mtu kwenye kioo, simu hupima mwanga kutokana na uso huo badala ya mbingu. Na kwamba ukitelezesha kidole chini kidogo, mbingu nayo hurudi rangi yake. Alijifunza kutazama pembeni kabla ya kubonyeza, maana nguzo za umeme zina tabia ya kuota kwenye vichwa vya watu.

Jambo lililomchukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa umbali. Kila mtu anayepiga picha ya jamaa yake na mlima humsogelea jamaa, na mlima hugeuka kuwa kichuguu begani pake. Waithira aligundua kwamba dawa ni kurudi nyuma. Mwache mtu alipo, rudi hatua kumi, kumi na tano, kisha tumia lenzi ya simu inayovuta mbali, si kupanua kwa vidole hadi picha ikavunjika chembechembe. Ukifanya hivyo mtu hubaki na ukubwa wake, na mlima nyuma yake husimama ukawa mlima. Aliwaambia hayo wafanyakazi wenzake mara nyingi hata wakamwomba apumzike.

Walisafiri kwenda Mwea mwanzoni mwa Februari, ambapo anga huwa safi na mashamba mengi yana maji yakingoja miche ya msimu wa pili. Walilala Wang'uru, katika nyumba ndogo ya wageni, na kabla ya jua kuchomoza walikuwa juu ya ukingo wa mfereji, karibu na kijiji alikokulia Nduta. Waithira alikuwa amepachagua mahali hapo wiki mbili kabla. Mlima ulikuwa kaskazini. Jua lingetoka kulia. Mwanga wa ubavuni ndio unaochora uso wa mzee vizuri, aliamini, kwa sababu hautumii nguvu na wala hauchubui.

Nduta alivaa gauni la buluu, koti jeusi na kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Viatu alivibeba ndani ya mfuko, amevifunga kwa gazeti, akavivaa pale pale ili vumbi la njiani lisivipate. Kisha jua lilitoka, maji ya mashamba yakageuka dhahabu, mlima ukasimama mzima bila uzi wa wingu, na Nduta akakauka.

Hakuna neno lingine la kulieleza. Mwanamke aliyecheka njia nzima kutoka Karatina alibana midomo, akatoa macho, akanyoosha mikono ubavuni kama anayepigwa picha ya kitambulisho mbele ya chifu. Waithira alimwambia alegeze mabega. Yakapanda. Alimwambia atazame kushoto, ainue kidevu, asiinue sana, afikirie jambo zuri, ashike mkoba, auache mkoba. Alimsogeza mara mbili ili nguzo ya umeme imtoke kichwani. Kila agizo lilimfanya Nduta afanane zaidi na mtu anayetafutwa na polisi.

"Mama mkwe," alisema hatimaye bila kusogeza midomo, "nipumue lini?"

Hatua chache kutoka hapo, ndani ya maji yaliyofika chini kidogo ya magoti, mwanamke wa makamo alikuwa akipandikiza miche ya mpunga. Jina lake lilikuwa Kagendo, aliolewa hapo kutoka upande wa Embu, na alikuwa akiyasikiliza yote kwa furaha isiyofichika. Nduta alimsalimia ili kukwepa maagizo. Salamu ikazaa swali, swali likazaa ubishi. Nduta aliona kwamba mistari ilikuwa na nafasi kubwa mno. Kagendo alimweleza kwa adabu kwamba siku hizi ndivyo wanavyofundishwa.

"Siku zetu ungepigwa," alisema Nduta.

"Basi ingia, shosho, unipige ukiwa ndani."

Waithira hakuamini alichokiona. Nduta alikaa ukingoni, akavua viatu na soksi, akavipanga, akakusanya gauni hadi magotini, akashuka majini. Alichukua fungu la miche, akainama, na mkono wake ukaanza kwenda wenyewe: kidole gumba, mche, tope, kidole gumba, mche, tope, kwa mwendo wa msichana aliyeondoka hapo zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Kagendo alijaribu kumfuata akashindwa, na Nduta akacheka, cheko la wazi lililoonyesha mapengo yote, mlima ukiwa juu yake na mlima mwingine ukitetemeka majini baina ya mikono yake.

Waithira alibonyeza. Alijua kabla ya kutazama. Kwa miaka minane ya kuuzunguka mlima hakuwahi kupata picha kama ile, na huenda asingepata nyingine. Mwanga ulikuwa pale ulipotakiwa, cheko lilikuwa la kweli, na maji yalikuwa yamefanya kazi ambayo fundi yeyote angeilipia.

Nduta alipopanda ukingoni alinyoosha mkono apewe simu. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akiisogeza mbali na macho kama anavyosoma Biblia.

"Nimeinama," alisema.

"Lakini unacheka, mami. Angalia mwanga ulivyokupata. Hii ni wewe kabisa."

"Na miguu?"

Waithira alianza kueleza. Alizungumza kuhusu uhalisia. Alisema kwamba picha ya mtu akiwa kazini ina uhai ambao ya kusimama haina, kwamba watu wangeiona na kuguswa, kwamba hata matope yale yalikuwa na uzuri wake. Alieleza vizuri, kama mtu mwenye shahada.

"Huyo wa hoteli pia angesema hivyo," alisema Nduta, akamrudishia simu.

Kagendo alijifanya kutafuta miche. Waithira alisimama na simu mkononi, uso ukimchoma, na si kwa jua. Kwa miezi minne alikuwa amemchukia mtu asiyemjua, aliyeshusha kioo cha gari, akamwona mwanamke ameinama, akaona uzuri alioutaka yeye badala ya kumwona mwanamke. Alikuwa amemwandikia mtu huyo barua kichwani, aya kwa aya, kila siku ya safari zake. Na sasa, katika mwanga mzuri wa kwanza, naye aliinyoosha simu yake kwenye mgongo ule ule. Tofauti yao ilikuwa moja: yeye alimsalimia kwanza. Haikutosha. Mama yake alikuwa amesema anachotaka, kwa lugha wanayoielewa wote wawili, naye aliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia mvua.

Aliifuta picha hiyo mbele ya Nduta.

"Bado iko," Kagendo alisema kutoka majini. "Simu huwa na mahali pa takataka. Hilo jambo limewahi kuniponza, najua."

Waithira aliingia kwenye takataka za simu, akaifuta na huko. Ilimuuma kama kung'oa jino zima, na aliona ni haki iume.

Lakini muda ulikuwa umekwenda. Miguu ya Nduta ilikuwa na tope hadi chini ya magoti, na juu ya bega la kushoto la mlima wingu la kwanza lilikuwa limekaa. Nyuma yake yalikuja mengine, bila haraka, kama watu wanaofika mazishini. Waithira alichota maji ya mfereji akamwosha mama yake miguu. Kagendo alitoa leso kavu kiunoni ili kumkausha, maana soksi haziingii kwenye mguu wenye maji. Nduta hakukubali kuharakishwa. Kila kamba aliifunga fundo mara mbili, kisha akavifuta viatu kwa gazeti hadi vikaakisi anga. Wingu lilikuwa limefika kwenye shingo ya mlima.

Safari hii Waithira hakuamuru lolote. Alimwuliza mama yake angependa kusimama wapi. Nduta alichagua hatua tatu kutoka pale pa kwanza, akaeleza sababu: kutoka hapo aliweza kuona ilikokuwa nyumba ya baba yake. Hapakuwa na nguzo. Waithira alimwomba Kagendo atoke majini, asimame kando ya simu, amuulize mama maswali yoyote anayotaka. Kisha akarudi nyuma hatua kumi na tano, akapiga goti moja, akafuta lenzi, akachagua lenzi ya kuvuta mbali, akagusa uso wa Nduta kwenye kioo, akateremsha mwanga kidogo, akanyamaza.

Kagendo alikuwa na kipaji. Aliuliza nyumba ilikuwa ya ngapi kutoka mferejini. Aliuliza majirani walikuwa akina nani, na Nduta akawataja mmoja mmoja, pamoja na makosa yao. Mikono yake ikakutana yenyewe kwenye mkoba. Mabega yakashuka.

"Na wewe ulikuwa mtoto wa nani hapa?"

"Mimi?" Nduta aliinua kidevu. "Mimi ni Nduta wa Kingori. Uliza mtu yeyote."

Waithira alibonyeza mara tatu. Kabla hajabonyeza mara ya nne, vilele vilikuwa vimekwenda.

Nduta aliitazama picha hii akiwa amekaa ukingoni. Kwanza aliomba viatu vikuzwe, akavikagua kimoja kimoja. Kisha uso. Mwanga wa ubavuni ulikuwa umepita kwenye kila mkunjo bila kuuonea, na nyuma yake mlima ulisimama mpana, wingu moja likiwa begani.

"Huyu akiingia benki," alisema, "ataitwa madam."

Waithira alicheka kwa pumzi aliyokuwa ameishika tangu Oktoba. Alisema angeisafisha jioni hiyo hiyo, angeipeleka kuchapishwa, na Jumatatu ingekuwa ukutani, na jina lake chini kwa herufi kubwa. Nduta alitikisa kichwa.

"Hii haiendi hoteli. Ni yangu. Wakitaka kuniona waje Giakanja, nitawapikia chai. Ile nyingine ndiyo itoke."

"Lakini mami, tulikubaliana. Yule mtu alisema nilete nzuri zaidi."

"Wewe ndiye ulikubali. Mimi nilisema kama ni lazima. Sasa nimeona si lazima."

Safari hii Waithira alimsikia. Akamgeukia Kagendo, akamuuliza kama angependa kupigwa picha. Kagendo alisema ndiyo, lakini si hivyo alivyo. Akaenda nyumbani, akarudi baada ya nusu saa akiwa na blauzi ya maua na hereni. Kufikia hapo mlima haukuonekana hata mzizi. Waithira aliomba radhi kwa sababu ya mawingu.

"Wacha mlima," alisema Kagendo. "Huyo niko naye kila siku. Piga hereni."

Jumatatu Waithira alifika hotelini akiwa na simu na bahasha. Mathenge alipoonyeshwa picha aliitazama, akaitazama tena, akasema kwa moyo wote kwamba ilikuwa nzuri mno, na kwamba wangeichapisha wiki hiyo hiyo. Waithira alimjulisha kwamba haitolewi. Alichokuja kukifuata ni ile ya ukutani itoke. Meneja aliuliza mbona walikuwa wamekubaliana. Waithira akasema kwamba mwenye uso hakuwa kwenye makubaliano hayo, na kwamba hilo ndilo lililokuwa kosa lao wote wawili. Kisha akampa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya aya tatu, iliyopigwa chapa vizuri, iliyokumbusha kwamba kwa sheria ya nchi picha ya mtu anayetambulika ni sehemu ya taarifa zake binafsi, na kwamba anayeitumia katika biashara sharti awe na ridhaa yake. Chini yake Nduta alikuwa ametia saini kwa herufi za shule ya ngumbaru, akaandika na kijiji chake.

Mathenge alisema, kwa unyonge, kwamba kwenye ile picha hata uso hauonekani.

"Mimi nilimtambua kwa kiwiko," alisema Waithira.

Hakupandisha sauti. Hakuhitaji. Meneja alisoma barua mara ya pili, akaikunja, akavuta kiti cha mapokezi hadi kwenye ujia, akapanda mwenyewe bila kumwita mtu, akaishusha picha. Vumbi lililokuwa nyuma yake lilimwangukia kwenye tai. Alisimama na fremu mikononi, akatazama ukuta mtupu kwa masikitiko ya mtu wa biashara.

"Sasa hapa niweke nini, madam? Wageni hupenda kuona mtu."

"Weka mama yako."

Hakulisema kwa kejeli, na labda ndiyo sababu Mathenge hakukasirika. Alisema mama yake yuko Karatina, ana miaka themanini na moja, na kwamba yeye mwenyewe hana picha yake yoyote ila ile ya kitambulisho. Alifikiri kidogo. Akamuuliza Waithira kama angekubali kwenda kumpiga.

"Muulize kwanza kama anataka," alisema Waithira, "na angependa kuvaa nini."

Mathenge aliegemeza fremu ukutani, sura ikiwa imegeuzwa ndani, akatoa simu akapiga hapo hapo. Alieleza haja yake kwa maneno mengi na matamu.  Kisha sauti ya mwanamke mzee ikatoka simuni kali hata mpokea wageni akainua kichwa.

"Ati picha? Kwani niko mgonjwa na hamkuniambia?"

Waithira alivuta kile kiti, akakaa, akaanza kuifuta lenzi. Mazungumzo hayo yangechukua muda, na yalistahili.